Mtoto Asiyekuwamo Kitabuni

Riwaya ilipotoka, mchapishaji alidhani itanunuliwa na walimu wachache kisha ifie kwenye rafu za maktaba. Badala yake ikaingia saluni. Msusi mmoja akawa anasoma kwa sauti, wenzake wakisikiliza huku vidole vikienda, na mteja aliyekwisha kusukwa akawa hainuki kitini mpaka sura iishe, hata wanaongoja zamu wakamsonya.

Iliitwa *Nguo ya Nili*. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya enzi za wafalme. Binti mmoja, mtia rangi wa nguo za ikulu, alimpenda askari aliyeondoka na jeshi kwenda vita vya mbali. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Watu wakamwita yule mwanamke Binti Nili kwa sababu mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni. Alikuwapo mfinyanzi, mtu mpole, jirani yake, aliyemposa tena na tena, naye kila mara akamjibu kwamba ana mtu wake. Nywele zikageuka nyeupe, mikono ikabaki buluu. Katika sura ya mwisho askari anatokea, mzee, mguu mmoja kilema, anaangukia mlangoni na kukata roho kichwa kikiwa mapajani pake.

Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika kama wagomvi wa mpira.

"Huyo ndiye mwanamke," alisema mmoja. "Siku hizi ukichelewa kujibu simu tu, umeachwa."

"Mwanamke gani? Bwege!" akajibu mwenzake, kitana mkononi. "Mfinyanzi yupo hapo, ana kazi, ana adabu, halewi. Yeye anakodolea macho barabara! Kama ni mimi, ningekuwa nimeshamzalia watoto, na vyungu napata bure."

Aliyeiandika alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari. Wanafunzi wake walimwita Madamu Karne, kwa kuwa hakuweza kusema sentensi mbili bila kutaja karne fulani. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye suti zilizonyooshwa vizuri, asiye na mume na asiyependa kuulizwa habari hizo. Umaarufu ulipomjia hakujua auweke wapi. Akipita sokoni wauzaji walimwita, "Madamu, ungemwoza basi kwa yule mfinyanzi!" naye akacheka, akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji.

Alichokuwa akikingoja hasa ni neno la mtu mmoja, mama yake.

Mama yake alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu. Maisha yake yalipita kwenye chumba chenye mvuke nyuma ya wodi, akifua mashuka na magauni ya chumba cha upasuaji, akiyatia buluu yarudie weupe wake, akiyapiga pasi mpaka yasimame yenyewe. Alikuwa akirudi nyumbani na vidole vya buluu. Baba alikuwa dereva wa malori yaliyovuka mipaka. Siku moja alivuka, ikawa ndiyo safari ya kutorudi. Mtoto alikuwa hajaanza shule. Mama hakuolewa tena. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote ambayo Madamu Karne aliyajua kuhusu mama yake, na kutoka kwenye fundo hilo moja ndipo aliposokota riwaya nzima. Hakuwahi kumwambia. Alidhani mama atajiona mwenyewe humo.

Mama alikisoma kitabu taratibu sana, kwa miwani ya kununua barabarani, kidole kikifuata mstari kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alipomaliza alikifunga, akakifuta jalada kwa upindo wa nguo yake, akakiweka juu ya kabati karibu na picha ya mahafali ya binti yake.

"Kizuri, mwanangu."

"Ni hayo tu, mama?"

"Unataka niseme nini tena? Mimi dobi. Nikisema nguo imetakata, imetakata."

Madamu Karne alicheka, lakini njiani kurudi kwake alijikuta analia ndani ya basi, hata kondakta akasahau kumdai nauli.

Baada ya muda redio ikamwalika. Kulikuwa na kipindi cha Jumamosi mchana kiitwacho *Meza ya Vitabu*, na mtangazaji wake watu walimwita Asali kwa ajili ya sauti yake, maana sura ilikuwa ya kawaida tu. Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, meza ya duara, vikombe viwili vya maji, na kioo ambacho nyuma yake fundi mitambo alikaa akila karanga. Madamu Karne alivalishwa visikizio vilivyokuwa vizito masikioni.

"Leo tunaye mama wa Binti Nili," Asali akafungua. "Simu zinaungua. Tuanze."

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori.

"Madamu, nina ugomvi na wewe. Mke wangu ananisomea kitabu chako kwa simu nikiegesha. Sasa nikichelewa kidogo tu ananiambia, 'Mume wangu, mimi si Binti Nili. Na mfinyanzi yuko mtaa wa pili.'"

Asali alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi mitambo nyuma ya kioo akapaliwa na karanga.

Akafuata muuguzi mmoja, sauti kavu kama mlango wa chuma. "Mimi sichekeshwi. Yule mwanamke ni tusi kwetu. Mwandishi ni msomi, ana digrii, halafu anatufundisha kwamba mwanamke mwema ni yule anayekaa kama chungu jikoni akingoja mwenyewe aje apikie. Mabinti zetu wanasoma hayo. Binti Nili hakuwa na mapenzi. Alikuwa na woga, akauita mapenzi."

"Maneno mazito," akasema Asali. "Madamu?"

"Naheshimu maoni yake," akajibu Madamu Karne. Shavu lilikuwa la moto.

Wa tatu alikuwa msichana. Alianza kulia kabla hajataja kitu. Mchumba wake alikuwa nje ya nchi, hajapiga simu tangu mvua za mwanzo, na watu wa nyumbani walikuwa wanamcheka. "Nataka tu kumshukuru mwandishi. Binti Nili amenipa moyo. Kumbe mtu anaweza kurudi hata akiwa mzee."

Asali, aliyekuwa mtu wa vichekesho, akaegemea meza.

"Madamu, wote wanauliza. Binti Nili ni mtu wa kweli?"

Madamu Karne angeweza kusema ni wa kubuni, na ndivyo alivyokuwa akiyajibu magazeti. Lakini maneno ya muuguzi yalikuwa yamemchoma, na kilio cha yule msichana kilikuwa bado kimo ndani ya visikizio.

"Namfahamu mwanamke mmoja," akasema. "Yu hai. Aliachwa mlangoni akiwa bado kijana. Angeweza kuolewa, alikuwa mzuri. Hakuolewa. Yule dada anayesema ni woga, hamjui. Mwanamke huyu alikuwa na upendo mmoja tu maishani, akautunza kama mtu anavyotunza moto usizimike. Mimi nimeishi na moyo ule karibu sana. Sijaona mwingine."

"Umetusisimua," Asali akasema. "Tupumzike kwa wimbo."

Wimbo ukapigwa, matangazo ya sabuni yakafuata, na simu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeweka redio karibu.

"Haloo, *Meza ya Vitabu*. Nani mwenzetu?"

"Msikilizaji tu."

"Punguza sauti ya redio yako, mama. Unapiga kutoka wapi?"

"Nyumbani."

Madamu Karne aliinua kichwa. Sauti hiyo ilikuwa ndiyo iliyomwamsha asubuhi zote za utoto wake.

"Karibu, msikilizaji wa nyumbani," akasema Asali. "Unampenda Binti au unamchukia?"

"Namhurumia. Lakini si kwa hayo mnayoyasema. Nilitaka nimuulize mwandishi: mtoto yuko wapi?"

Asali akafungua macho, akapekua nakala yake iliyojaa vikaratasi. "Mama, ndani ya kitabu hakuna mtoto. Binti Nili hakuzaa."

"Ndicho ninachosema. Hakuna, lakini yupo. Mwanamke kijana hakai peke yake miaka yote hiyo kwa ajili ya mwanamume aliyeondoka. Moyo una mwisho wake, nao huchoka kama miguu. Kama alikaa, basi ndani ya nyumba alikuwamo mtu mwingine aliyekuwa akingoja. Mimi ninavyoona, alikuwamo mtoto. Kila jioni mtoto anasimama getini. Likipita gari anakimbia, halafu anarudi. Sasa mama wa mtoto kama huyo atafanyaje? Ataingizaje mwanamume mwingine kwa geti lile lile?"

"Ahaa!" akasema Asali, amefurahi, maana alipenda simu zenye vituko. "Kwa hiyo wewe unasema Binti hakumngoja askari?"

"Askari alishatoka moyoni zamani. Aliyengoja ni mtoto. Mama alimngoja mtoto achoke."

Madamu Karne alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mikono yote miwili.

"Na yule mfinyanzi," sauti ikaendelea, "hukumtendea haki. Umemfanya mtu wa kuinamisha kichwa na kuomba. Hakuwa hivyo. Mtu wa namna ile huwa na mizaha. Huwa anaimba vibaya akiwa kazini, na anajua kwamba anaimba vibaya. Binti alimpenda. Andika hivyo siku nyingine. Alimpenda."

"Mama, unamsema kama unamjua!"

"Nawajua watu wa aina yake. Siku moja mtu kama huyo alikaribishwa chakula. Akavuta kiti, akakaa. Mtoto akamwambia, 'Hicho ni kiti cha baba.' Mtu mzima, mwanangu, akainuka. Viti vingine havikuwapo. Akala chakula chake amesimama, sahani mkononi, anatabasamu, anamsifu mpishi. Binti akamtazama akila, akajua hapo hapo kwamba haitawezekana. Basi. Sina zaidi."

Asali alimgeukia mgeni wake. Alimkuta amekuwa wa rangi ya majivu.

"Madamu Karne, unamjibu nini msikilizaji wetu?"

Fundi mitambo akaacha kutafuna.

"Mama," akasema Madamu Karne. "Nimekusikia, mama."

Kila mwanamke mzima huitwa mama, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka, si Asali wala maelfu waliokuwa wakisikiliza.

"Haya," ikasema sauti. "Usisahau kula." Simu ikakatika.

*

Kiti chenyewe Madamu Karne alikikumbuka. Alikikumbuka palepale studio, kabla hata kipindi hakijaisha: cha mbao, mkono mmoja umelegea. Akamkumbuka na mtu. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa kichwani mwake kama fundi tu aliyekuja kutengeneza bomba, mrefu, mwenye begi la ngozi linalogongana vyuma ndani. Fundi Koki. Alikuwa akimletea vifuniko vya mabomba avipange kama jeshi. Yeye, mtoto, alivipokea vifuniko na kumchukia mleta vifuniko. Halafu akawa haji tena, na hakuna aliyemweleza kwa nini, wala hakuuliza.

Alipofika kwa mama yake, jua lilikuwa bado kali uani. Mama alikuwa anaanua nguo. Kastaafu, lakini kwake nguo zilikuwa bado zinafuliwa kana kwamba daktari mkuu atapita kukagua. Redio ilikuwa dirishani, imezimwa.

"Umekula?" akauliza bila kugeuka.

"Mama, ulipiga simu redioni."

"Nilimpigia mwandishi. Wewe ni mwanangu, ungenikatiza. Shika huku."

Madamu Karne akashika ncha mbili za shuka, wakalikung'uta, wakalikunja pamoja, wakikaribiana na kuachana kama walivyofanya tangu yeye akiwa mfupi kuliko shuka lenyewe.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote?"

"Nikuambie nini? Kwamba ulikuwa mtoto?"

Wakakaa kwenye kizingiti. Mama alizungumza akiangalia kamba ya nguo, na alizungumza zaidi kuliko binti yake alivyowahi kumsikia.

Chumba cha dobi kilikuwa na mabomba makongwe, akasema, na hospitali ilimwajiri fundi mmoja ayaangalie. Mwanzoni alikuja pale tu panapovuja. Halafu kukawa na koki moja, ya kona, iliyoharibika kila wiki. Aliyekuwa akiiharibu ni mwenzao mmoja waliyemwita Mama Wanga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutia nguo wanga zikakamae. "Watu wa mtaani walidhani ni mchawi, masikini, na jina lile. Uchawi wake ulikuwa mmoja tu. Akishaona nimekaa kimya siku mbili tatu, anachukua spana, analegeza koki. Anasema, 'Mwiteni fundi, bomba linampenda.'"

Mama akacheka. Kisha cheko likakatika mahali pabaya, akajifuta pua.

"Na baba?" akauliza Madamu Karne.

"Baba yako aliniaga vizuri. Sina neno naye. Alisimama hapo getini, injini inanguruma, akaniambia, 'Usinisubiri.' Neno moja tu. Nililisikia vizuri, na nililiamini."

"Uliniambia atarudi."

"Ulikataa kula. Siku ya kwanza nikakwambia baba anakuja kesho, ukala. Kesho yake ukauliza, nikasema kesho. Uongo ule nilikulisha kijiko baada ya kijiko mpaka ukanenepa nao, halafu nikaogopa kukuachisha. Ningekuambia ukweli ukiwa na umri gani? Kila nikiangalia, uko getini."

Madamu Karne aliweka uso kwenye shuka lililokunjwa. Mama hakumzuia wala hakumbembeleza. Alimwacha alie kama mtu anayeacha maji machafu yatoke kwanza.

"Fundi alisema atangoja mpaka mtoto azoee," akaendelea. "Akangoja. Nilimwambia anipe muda, akanipa. Nikaomba mwingine, akanipa. Alikuwa mtu, mwanangu, hakuwa jiwe. Akataka nyumba yake, na haki yake alikuwa nayo. Siku aliyokuja kuniaga kule kazini, Mama Wanga alilia kuliko mimi. Mimi nilikuwa na mashuka ya wodi nzima ya kumaliza."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa mwaka jana. Ile siku nilipokuambia naenda kumzika mfanyakazi mwenzangu."

Madamu Karne aliikumbuka siku hiyo, naye angetoa chochote asiikumbuke. Alikuwa amekuja kwa mama kwa wikendi na kurasa za kitabu, anazipitia mara ya mwisho kabla ya kuzipeleka kiwanda cha uchapaji. Mama alitoka chumbani amevaa nguo nyeusi na viatu vya kufunika, akasimama mezani kidogo kama anayetaka kitu. "Pole, mama. Ufike salama," ndivyo alivyomwambia, macho yakiwa kwenye karatasi. Ilikuwa sura ya mwisho. Askari alikuwa anapanda kilima, anaiona nyumba.

"Ungeniambia nikusindikize."

"Ulikuwa kazini. Nami nilikaa nyuma kabisa, na majirani. Nikasaidia kuosha vyombo. Mke wake ni mtu mwema, alinishukuru, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema wa dobi."

Upepo ukainua nguo zilizobaki kambani. Mama alizitazama zikitua.

"Si kwamba sikukipenda kitabu chako. Nilikisoma vizuri tu. Nilipofika mwisho nikaona umemrudisha baba yako mpaka mlangoni, ndipo nikajua. Kumbe mwanangu bado yuko getini. Mimi nilidhani ulishatoka pale. Miaka yote nilidhani ulishatoka, nikajiambia, basi, angalau haikuwa bure."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima. Ila uliposema redioni kwamba yule mwanamke alikuwa na upendo mmoja tu, nikasema hapana. Na yule mwingine naye alikuwapo. Nilishamzika mara moja nikiwa nimekaa nyuma. Nisingeweza kumzika tena kwa kunyamaza."

*

Mjini watu hawakujua lolote la hayo, lakini simu ya yule mama ilizungumzwa kuliko kitabu chenyewe. Saluni waligombana upya. Msusi aliyekuwa akimwita Binti bwege alisema sasa amemwelewa, na kwamba yeye mwenyewe alishawahi kumkataa mtu kwa ajili ya mwanawe, ila hakuwa akipenda kulisema. Mwingine akasema visingizio. Mtoto huzoea, ni kama mteja aliyepewa kinyozi mpya, atanuna siku mbili tu. Kuna walioanza kusimulia kisa cha mtoto wa Binti Nili kana kwamba wamekisoma, na wakitakiwa kuonyesha ukurasa wakasema nakala yao imeazimwa.

Mchapishaji akapiga simu, sauti imechangamka. Toleo la pili lilikuwa linakuja. Je, Madamu asingeongeza mtoto? Sura moja tu, hata fupi. Watu wanamtaka.

Madamu Karne alijaribu. Alikaa na karatasi zake kwa wiki kadhaa. Aliandika geti, akaandika vumbi la gari, akaandika mtoto anayekimbia. Kila alipofika kwenye kile kiti alishindwa. Angeweza kumfanya mtoto anyamaze. Angeweza kumfanya asogee, aseme, "Kaa, mjomba." Ilikuwa kazi ya mstari mmoja, na ilikuwa kitabu chake, hakuna ambaye angemzuia. Hakuuandika. Alimpigia mchapishaji akamwambia kitabu kibaki kilivyo, na kwamba darasani hajafundisha vizuri muhula huu, anataka kurudi kwa wanafunzi wake.

Badala yake alimuuliza mama yake kama angependa wamtembelee Fundi Koki.

Mama alikubali haraka, kama mtu aliyekuwa amevaa tayari. Siku ya kwenda alitia ndani ya mfuko jembe dogo la bustani, kitambaa, chupa ya maji na brashi ya kusugulia. Binti yake akamwambia mizigo yote hiyo ya nini. "Kaburi la mwaka lina magugu," akajibu. "Siendi kusimama kama mtalii."

Makaburi yalikuwa nje kidogo ya mji, yamezungushiwa ukuta, na mlinzi wake alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu iliyotoboka. Mama alimtajia jina kamili la marehemu, jina ambalo binti yake alikuwa hajawahi kulisikia. Mzee akaongoza njia.

"Mlikuwa ndugu?" akauliza.

"Alitaka tuwe," akajibu mama.

Mzee akatikisa kichwa, hakuelewa, akawaonyesha mahali, akawaachia nafasi.

Kaburi lilikuwa limejengwa kwa saruji laini, limepakwa chokaa mpya. Pembeni palifagiliwa asubuhi ileile. Alama za ufagio zilikuwa bado mchangani. Maua yalikuwa mabichi ndani ya chupa ya maji, na mtu fulani, labda mjukuu, alikuwa amepanga vijiwe vya rangi kuzunguka. Hapakuwa na jani moja la kung'oa.

Mama alisimama na mfuko wake mkononi. Alitoa brashi, akaitazama, akairudisha. Akainama, akapitisha kiganja juu ya saruji kama anavyopapasa shuka kuona kama limekauka. Palikuwa safi. Alizunguka upande wa pili polepole, akitafuta. Nako kulikuwa safi.

Madamu Karne akamshika mama yake mkono, ule wenye mabaka ya sabuni za zamani.

"Wanamtunza," akasema mama.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri sana wanamtunza."

Alisimama hapo mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni mwao. Kisha akaufunga mfuko, akauweka begani, wakaondoka kurudi barabarani kutafuta usafiri.